Yale Ambayo Kila Mtu Anayajua: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi kinachopokea kahawa mbivu kutoka kwa wanachama wake. Ni asubuhi ya siku ya kupokea. Mizani ya kuning'inia imefungwa kwenye boriti ya kibanda, na wanachama wamejipanga na ndoo na mifuko yao. Ndoano ya mizani haina kitu, lakini mshale hausimami kwenye sifuri. Umesimama nyuma ya sifuri, yapata nusu kilo. Kila mzigo utakaopimwa siku hiyo utaandikwa pungufu kwa nusu kilo.

Mpimaji anaujua upungufu huo, ila anadhani katibu anaujua pia na amekwisha kuutolea taarifa. Katibu aliuona tangu msimu uliopita. Anadhani halmashauri inaufahamu, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe hupita kibandani mara kwa mara. Mzee aliye mbele ya mstari anaujua, naye haoni sababu ya kusema jambo ambalo kila mwenye macho analiona. Mama aliye nyuma yake anaujua kwa njia nyingine: alipima ndoo yake dukani kwa jirani kabla ya kuja. Naye ananyamaza, asije akaonekana mwenye kuwashuku viongozi. Hivyo kila mtu pale anajua, na chama hakijui.

Hasara ya kunyamaza huko yapaswa kuhesabiwa. Chama kikiwa na wanachama 300, na kila mmoja akileta kahawa mara 20 katika msimu, mizani itatumika mara 6,000. Nusu kilo mara 6,000 ni kilo 3,000 za kahawa mbivu. Kwa kuwa huhitajika yapata kilo 6 za kahawa mbivu ili kupata kilo 1 ya kahawa safi, zimepotea kwa wanachama kilo 500 za kahawa safi, yaani magunia 8 ya kilo 60, na kilo 20 juu yake. Mwanachama mmoja mmoja amepoteza kilo 10 tu za kahawa mbivu kwa msimu mzima, tena kidogo kidogo, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kupiga kelele.

Wala kahawa hiyo haikuyeyuka. Imo ghalani, lakini haimo katika stakabadhi ya mtu yeyote. Watu wengi hudhani kwamba mkaguzi wa hesabu hushtuka aonapo upungufu peke yake. Kwa kweli ziada isiyo na mwenyewe humtia shaka vilevile, maana upungufu hulalamikiwa na aliyepunjwa, bali ziada haina wa kuililia. Ni mali inayomngoja mtu wa kuichukua, na mtu huyo aghalabu hupatikana. Chama ambacho mizani yake ilianza kukosea bila nia mbaya ya mtu yeyote chaweza kumaliza msimu kikiwa na mwizi ambaye hakikuwa naye mwanzoni.

Kujua peke yako na kujua pamoja

Somo hili linahusu jambo moja: thamani ya kuwaambia wenzako hata lile unalodhani wanalijua. Mara nyingi elimu ya ushirika hufikiriwa kuwa ni kuleta mambo mapya kutoka chuoni, kwa mtaalamu au makao makuu. Mambo mapya yanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini atakayepitia kumbukumbu za vyama vilivyoanguka ataona mara nyingi kwamba vyama hivyo havikuangushwa na jambo geni. Viliangushwa na mambo yaliyokwisha kujulikana na watu wengi, kila mtu kwa nafasi yake, yasiyosemwa mbele ya wote.

Kuna tofauti kubwa kati ya watu 300 wanaojua jambo kila mmoja peke yake, na watu 300 wanaojua jambo pamoja. Anayejua peke yake hana nguvu ya kutenda, kwa sababu hana hakika kama mwenzake atamuunga mkono akisimama. Akisema juu ya mizani, huenda akabaki amesimama peke yake na kuitwa mchochezi. Jambo likisemwa mkutanoni waziwazi, kila mtu anajua kwamba jirani yake naye analijua, na kwamba kiongozi anajua kuwa wanachama wanajua. Hapo ndipo jambo linapogeuka kuwa mali ya chama, likaandikwa katika muhtasari na kuulizwa mkutano ufuatao. Huenda neno lililosemwa lisiwe na habari mpya hata kidogo, na bado likawa limebadili hali yote.

Historia ya ushirika wa Tanzania inao ushahidi wa jambo hili, nao unahusu mizani vilevile. Katika nchi ya Wasukuma, kabla ya vyama vya ushirika vya pamba kuandikishwa, wakulima walikuwa wakiuza pamba yao kwa wanunuzi binafsi. Malalamiko juu ya mizani yalikuwa ya siku nyingi. Hakuna mkulima aliyehitaji kufundishwa kwamba anapunjwa. Mikono iliyobeba mzigo huujua uzito wake. Lakini kila mmoja alipunjwa peke yake na kulalamika peke yake njiani akirudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 manung'uniko hayo yalikusanywa. Wakulima wakawa na wapimaji wao wa kujitegemea wa kuhakiki uzito wa pamba, na chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kikaundwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa waliokiongoza. Vyama vya msingi viliandikishwa kuanzia mwaka 1953, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Wapimaji wale hawakuwafunulia wakulima siri yoyote. Waliufanya ukweli wa zamani uandikwe kwa tarakimu mahali ambapo kila mtu angeweza kuuona.

Kwa nini watu hunyamaza

Sababu ya kwanza si uovu. Ni adabu. Katibu kijana, aliyemaliza kidato cha nne, huona haya kusimama mbele ya wazee waliopanda mibuni kabla yeye hajazaliwa na kuwaeleza kwamba huchumwa kahawa iliyoiva tu. Huogopa kuambiwa kwamba anamfundisha samaki kuogelea. Haya hiyo inaeleweka, na katika maisha ya nyumbani ni sifa njema. Katika kazi ya chama yaweza kuwa ghali sana.

Upande wa pili yuko mzee mwenyewe. Yeye anajua, ila hapendi kuonekana anajigamba. Anasubiri aulizwe. Kijana naye haulizi, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hajui jambo ambalo, kwa madai ya watu, kila mtu analijua. Waswahili husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini methali hiyo imewatupia mzigo wote wanaopaswa kuuliza. Mtu asiyejua kwamba hajui atauliza nini? Mwanachama ambaye miaka yote ameanika kahawa juu ya turubai chini, kama alivyofanya baba yake, hana swali la kuuliza juu ya meza za kukaushia. Kwake hakuna tatizo. Mtu kama huyo huhitaji kuambiwa bila ya kuuliza.

Wapo pia, na ni lazima wasemwe, wanaonyamaza kwa sababu kujua kwao ndiko kunakowapa ukubwa. Katibu ambaye peke yake anajua namna makato yanavyokokotolewa ni mtu wa kubembelezwa. Akieleza, atakuwa mtumishi tu. Chama chenye katibu wa namna hiyo huonekana imara kwa muda mrefu. Siku anapougua, au anapohamia mjini, ndipo halmashauri inapogundua kwamba vitabu vimeandikwa kwa alama ambazo hakuna mtu mwingine awezaye kuzisoma.

Faida kwa yule anayejua

Mara nyingi husemwa kwamba kurudia jambo kunawachosha wanaolijua. Huenda ikawa hivyo, lakini na wao wana faida yao, nayo ni kugundua kwamba wanalijua nusu.

Wachukuliwe wanachama wawili wanaomenya kahawa nyumbani. Wote wawili wanajua kwamba kahawa iliyokwisha kumenywa huvundikwa, yaani huachwa ndani ya chombo mpaka utelezi wake uachane na punje, kisha huoshwa. Mmoja anasema ni siku moja. Wa pili anasema siku moja haitoshi, ni mbili, na pengine kuingia ya tatu. Wakikaa kila mtu kwake, kila mmoja atakufa akiamini kwamba mwenzake ni mvivu au ni mwenye haraka. Wakisemezana mbele ya kikundi, itadhihirika kwamba wa kwanza anaishi chini penye joto, na wa pili anaishi juu mlimani penye baridi. Baridi huchelewesha kuvunda. Wote wawili walikuwa sahihi mahali pao, na wote wangekosea kama wangehama. Walichokuwa nacho kila mmoja ni desturi. Walichokipata kwa kusemezana ni sababu. Na kutokana na sababu hiyo yapatikana kipimo kisichotegemea saa wala siku: chukua punje chache, zisugue kiganjani ndani ya maji, zikiteleza bado, ziache, zikikwaruza kama changarawe, zioshe. Mwenye kipimo hicho hababaiki msimu wa baridi kali utakapokuja.

Kadhalika kwa mambo mengine ya kahawa ambayo huhesabiwa kuwa ya kila siku. Kwamba kahawa imenywe siku ileile iliyochumwa, isilale gunia zima usiku. Kwamba mashine ya kumenyea ioshwe jioni, kwa sababu punje iliyosahauliwa ndani tangu jana huoza na kunuka, na punje chache za aina hiyo huweza kuharibu ladha ya mzigo mzima. Kwamba juu ya meza kahawa igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe jua linapokuwa kali mno na wakati wa usiku, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Nani asiyeyajua haya? Hata hivyo kahawa yenye harufu mbaya bado hufika ghalani, na waliyoileta ni wanachama. Ama kuna asiyejua, ama kuna anayejua asivyopaswa kutenda na hajaambiwa hasara yake inamwangukia nani. Kahawa ya wanachama wote huchanganywa. Uzembe wa nyumba moja hushusha daraja la mzigo wa nyumba nyingi, na bei ya mnada haitamki ni nyumba ipi.

Ambaye hakuwapo

Jambo hili ndilo makatibu wengi hulisahau. Katibu husema, "Hilo tulilieleza katika mkutano mkuu," na muhtasari unathibitisha kwamba lilielezwa kweli. Swali ni: lilielezwa kwa nani?

Katika nyumba nyingi jina lililo katika daftari la wanachama ni la mume. Yeye ndiye aliyehudhuria mkutano, akasikia, akatikisa kichwa, akarudi. Mke, ambaye jina lake halimo, ndiye anayechuma, anayebagua mbivu na mbichi, anayegeuza mezani na kukimbilia kufunika mvua ikitokea. Kama mume hakusimulia aliyosikia, na kwa nini asimulie jambo ambalo anadhani mkewe anajua, basi chama kimewafundisha watu 300 ambao hawashiki ndoo na kuwaacha mamia waishikao. Hakuna mkutano mkuu utakaoponya kosa hilo hata ukifanyika kila mwezi. Dawa yake ni kubadili mahali pa kusemea: kuwafuata watu kibandani siku ya kupokea, penye meza za kukaushia na penye mashine. Zaidi ya hayo ni kuwaandikisha wanawake uanachama kwa majina yao wenyewe, jambo ambalo katiba za vyama haziwakatazi.

Kila mwaka pia wapo wapya. Mzee amefariki na mwanawe amerithi shamba; kijana amerudi kutoka mjini; mjane ameanza kuja mwenyewe. Hawa huingia kimyakimya, bila ya mtu kuwatangaza, na wanakuta mazungumzo yamekwisha kuendelea miaka 30. Jambo lililoelezwa vizuri sana miaka 5 iliyopita halikuelezwa kwao kabisa. Katibu anayeona kuwa amechoka kulirudia akumbuke kwamba masikio mengine yanalisikia kwa mara ya kwanza.

Mfano wa makato ya malipo ni wa kuzingatiwa hapa. Mwanachama ameambiwa kwenye simu na ndugu yake kwamba kahawa imeuzwa mnadani Moshi kwa bei fulani. Siku ya malipo anapokea pungufu ya bei hiyo. Katibu hana alilomficha: upo ushuru wa chama, yapo magunia, usafiri, ukoboaji, na marejesho ya malipo ya awali yaliyokwisha kutolewa. Yote yameandikwa. Lakini hayakusemwa mwaka huu, kwa kuwa yalisemwa mwaka juzi. Kutoka kibandani mpaka nyumbani mwanachama yule atakutana na watu watatu, na kila mmoja atamwongezea maneno yake. Kufika jioni chama kimekwisha kuwa cha wezi. Dakika 20 za kusoma makato moja baada ya jingine, kwa sauti, kabla ya kufungua kisanduku cha fedha, zingegharimu kiasi gani? Na mwanachama anayeyajua makato hayo kwa moyo angepoteza nini kwa kuyasikia tena? Angeketi akihakiki kama katibu amesoma sawasawa, na huo ni ulinzi wa bure kwa chama.

Ya kurithi kutoka Rochdale

Yuko atakayepinga kwamba maendeleo hayaletwi na kurudiarudia. Ajibiwe kwa historia ya ushirika wenyewe.

Watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji na mafundi, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 kwa mtaji wa paundi 28. Waliuza siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Huhesabiwa kuwa waasisi wa ushirika wa kisasa, na msomaji aweza kudhani kwamba waligundua mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyafikiri. Sivyo. Maduka ya ushirika yalikuwapo mamia kabla yao. Kugawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya mwanachama kulikuwa kumekwisha kujaribiwa kwingine. Hata katika Rochdale yenyewe duka la ushirika lilifunguliwa mwaka 1833 na kufungwa mwaka 1835, na sababu ilijulikana mjini: kukopesha. Kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu haikuwa ufunuo. Lilikuwa ni somo ambalo majirani wote walilijua na ambalo maduka mengine yaliendelea kulipuuza.

Walichokifanya watu wa Rochdale ni kuyakusanya yaliyojulikana hapa na pale, kuyaandika kama kanuni, kuyasoma katika mikutano yao na kumweleza kila aliyekuja kuuliza. Na waliokuja walikuwa wengi. Baada ya miaka michache waliweka katika kanuni kwamba asilimia mbili na nusu ya ziada itengwe kwa ajili ya elimu, na wakawa na chumba cha kusomea magazeti na vitabu. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ulioundwa mwaka 1895, uliiweka elimu katika kanuni zake za mwaka 1937, ukairudia mwaka 1966, ukairudia tena mwaka 1995 ilipotajwa kuwa kanuni ya tano kati ya saba. Mara tatu kwa miaka isiyotimia 60 waliambizana jambo lilelile. Hakuna aliyesimama kusema kwamba limekwisha kujulikana.

Tanzania nayo ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu yapata milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Walichoambiwa hakikuwa siri ya wataalamu: chimba choo, chemsha maji, fukia madimbwi yanayozaa mbu. Wako waliokuwa wakisikia maneno hayo tangu shule ya msingi. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kila mtu aliyasikia akiwa na jirani zake, na kabla ya kutawanyika kikundi kiliulizana nani hana choo na kitachimbwa lini. Vyoo vingi mno vilichimbwa. Aliyekuwa akijua peke yake kwa miaka 10 bila ya kuchimba, alichimba baada ya kujua pamoja na wenzake.

Namna ya kusema

Kusema kunahitaji ustadi kidogo, la sivyo wanachama wataanza kusinzia katibu anapofungua kinywa. Kwanza ni wakati. Uchumaji uzungumzwe wiki moja kabla ya kuchuma, wala si mwezi wa palizi. Mizani izungumzwe mbele ya mizani. Neno lililosemwa siku linapohitajika huwa fupi, nalo halisahauliki upesi.

Pili, aanze kwa kuuliza kabla ya kueleza. Katibu anayesimama na kusema, "Wazee wangu, naomba mnikumbushe, kwetu hapa kahawa huvundikwa namna gani?" amewaheshimu wanaojua na kuwaficha wasiojua, nao watajifunza bila ya kuaibika. Pia atasikia makosa ambayo asingeyasikia kama angehubiri. Maana si kila kijulikanacho na wengi ni kweli. Wako wanaoamini kwamba kahawa nzito huleta fedha nyingi, hivyo heri kuileta ikiwa na unyevu. Imani hiyo husambaa kimyakimya, na haiwezi kusahihishwa mpaka isemwe kwa sauti.

Tatu, liandikwe. Ubao wa matangazo uwe na mambo machache yanayosomeka: bei, makato, tarehe ya mwisho ya kukaguliwa mizani na Wakala wa Vipimo, siku za kupokea. Karatasi iliyobandikwa mwaka jana ikapauka haisomwi na mtu. Ibanduliwe, iandikwe upya, hata kama maneno ni yaleyale. (Akaunti na madeni ya mwanachama mmoja mmoja ni habari nyingine, hayo si ya ubaoni.)

Nalo chama kilichogundua kitu kisikimeze kwa kudhani majirani wanacho. Vyama vingi huandika kwa chama kikuu wakati wa kulalamika tu. Chama kimoja kimepata njia ya kupunguza foleni kibandani, kwa kuwapangia wanachama wa kila kitongoji saa yao. Jirani yake, ng'ambo ya mto, anaendelea kuwaweka watu juani mpaka saa nane mchana, na kahawa yao inaanza kuvunda ndani ya magunia. Barua ya kurasa mbili ingetosha.

Kazi ya kikundi cha masomo

Kikundi kikutane kabla ya msimu, watu wasiozidi 15, pamoja na wanaochuma na wanaokausha hata kama majina yao hayamo daftarini. Kila mmoja ataje jambo moja juu ya kazi ya kahawa ambalo anaamini kila mtu pale analijua. Katibu aandike yote, kisha aulize kwa kila jambo: nani hakulijua, na nani analitenda kwa namna tofauti? Majibu yahifadhiwe, yasomwe tena katika mkutano mkuu.

Halafu kikundi kijadili haya. Mara ya mwisho makato yalisomwa lini kwa sauti, na ni wanachama wangapi wameingia tangu siku hiyo? Katika chama, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu, na nani ataanza kujifunza kwake mwezi huu? Ni jambo gani ambalo watu hulizungumza njiani wakitoka mkutanoni, na halizungumzwi mkutanoni?

Mwisho kikundi kiende kibandani pamoja. Ndoano ikiwa tupu, mwanachama mdogo kuliko wote asome mahali mshale uliposimama, kwa sauti, na katibu aandike alichosoma pamoja na tarehe. Usiposimama kwenye sifuri, mizani isitumike mpaka irekebishwe na kukaguliwa, na taarifa iende kwa halmashauri siku hiyohiyo. Ukisimama kwenye sifuri, usomwe tena asubuhi ya siku inayofuata ya kupokea.